UZI: Kwa nini muvi inakuliza kabla hujajua unalilia nini

Mhariri wa Magomeni

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, kaeni vizuri.

Kazi yangu ni kuhariri video. Harusi, sendofu, hitima, matangazo ya maduka, na filamu fupi za vijana wanaoanza. Huu ni mwaka wa kumi na moja nakata na kuunga. Swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: "Pale umefanyaje mpaka nikalia?" Na karibu kila mara muulizaji anajijibu mwenyewe: yule mama anajua kulia, yule bibi harusi ana uso wa huruma. Mimi ile sehemu naijua fremu kwa fremu, na najua mle ndani hakuna aliyetoa chozi.

Niwape kazi moja ya mwaka juzi. Sendofu, ukumbi uko Temeke, watu kama mia tatu. Mama anamvisha binti yake bangili ambayo na yeye alivishwa na mama yake. Mpiga picha wetu alikuwa upande mbaya. Mama kampa mgongo, uso wa binti umezibwa na kilemba cha shangazi, kilichobaki kwenye fremu ni mikono tu. Nilipoiona nikakata tamaa. Familia walishaagiza kwamba hapo uwekwe wimbo wa mama, zile nyimbo mnazijua. Nikauweka. Nikarudia kutazama mpaka chai ikapoa, na kila nikitazama naona wimbo unamwimba mama wa watu wote, na ile mikono imekuwa pambo la wimbo.

Usiku nikauzima. Nikachukua sauti yenyewe ya ukumbini, nikashusha kelele za vyombo na watoto, nikaacha kitu kimoja: bangili ikigonga kwenye kifundo cha mkono. Haipiti. Mama anaisukuma, inagota. Analowanisha kidole kwa ulimi, anapaka pale kwenye mfupa wa dole gumba, anasukuma tena, inapita. Sekunde kumi na nne. Binti anavuta pumzi mara moja, kwa kishindo, kama mtu aliyetoka majini. Muziki nikauingiza baada ya mama kuuachia ule mkono, nao ni kinanda peke yake, chini kabisa.

Tangu siku ile hili ndilo ninalojifunza kila ninapokaa kazini. Hisia ya mtazamaji hujengwa na mahali muziki unapoanzia na mahali kamera inaposimama. Na mara nyingi hujengwa zaidi na ule muziki ambao bado haujaanza.

Warusi walilijaribu jambo la namna hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lev Kuleshov, mwalimu wa filamu, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mkavu usiosema kitu. Akaiunga na sahani ya supu. Akaiunga tena, uso uleule, na mtoto aliyelala kwenye jeneza. Mara ya tatu na mwanamke. Inasimuliwa kuwa watu walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, msiba na mapenzi, kila moja kwa namna yake. Uso ulikuwa mmoja. Kazi yote ilifanyika kichwani mwa mtazamaji, katikati ya picha moja na nyingine. Muziki nao unaingia papo hapo, kwenye ule upenyo.

Nitaendelea. Karibuni mchangie.

Malindi Unguja

Ahsante sana kwa uzi. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa hapa Mjini. Sinema tukenda Empire pale Darajani, Majestic kule Vuga, na Cine Afrique huku kwetu Malindi. Kihindi hatukijui, labda maneno mawili matatu, lakini tukitoka ndani sote macho mekundu, wanaume kwa wanawake. Na zile nyimbo hazikai, punde unazisikia kwenye taarabu zimeshavishwa maneno ya Kiswahili.

Sasa nakuuliza kuhusu Sholay. Kuna pale inapouliwa familia ya Thakur. Pana bembea pale. Mimi mpaka leo nikisikia bembea inalia kwa kutu mwili unanisisimka, nami nna wajukuu. Walifanya nini pale?

Mhariri wa Magomeni

Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe. Hiyo sehemu nimeitazama kama mtu anayesoma kitabu cha dini, mstari kwa mstari.

Kwa ambao hawajaiona: Sholay ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, mwongozaji Ramesh Sippy, mpiga picha Dwarka Divecha, muziki wa R. D. Burman. Ilipigwa kwenye vilima vya mawe vya Ramanagara, karibu na Bengaluru, na upigaji ulichukua kama miaka miwili na nusu. Adui anaitwa Gabbar Singh, na Thakur ni yule bwana ambaye familia yake inauliwa. Pwani yetu nzima ilimjua.

Familia iko nyumbani, mchana kweupe, maisha ya kawaida. Risasi ya kwanza inalia. Mtu anaanguka polepole, picha inaganda. Mwingine anaanguka, inaganda tena. Hapa watengeneza filamu wengi wangeleta ngoma na matarumbeta. Wao wameiacha bembea. Inakwenda na kurudi, inalia kwa kutu, nyii… nyii…, na ile sauti haina habari na kilichotokea. Mzee, ndiyo maana imekukaa mwilini. Muziki ungekwambia "ogopa" na wewe ungetii, halafu wimbo ukiisha na hofu inaisha. Bembea haikuambii kitu. Ni sauti ya mtoto anayecheza, na mtoto yumo hatarini, hivyo unailazimisha wewe mwenyewe iwe na maana. Ukitoka sinema unaikuta barabarani, unaikuta shuleni kwa wajukuu.

Halafu inakuja ile ya mtoto mdogo. Gabbar anaelekeza bunduki. Tunamwona mtoto amesimama anamtazama. Mlio wa risasi unakatiwa kwenye kishindo cha treni inayoingia stesheni, Thakur anarudi nyumbani na zawadi. Hatukuonyeshwa mtoto akipigwa risasi. Sauti moja imemuua mtoto na papo hapo imemleta babu yake. Mimi nikiwa kwenye mashine yangu ule mkato nauona kama muujiza, kwa sababu ni kitu rahisi: sauti mbili zimeunganishwa mahali pamoja. Kisha Thakur anazikuta maiti zimefunikwa sanda, upepo unavuma, sanda zinapeperuka. Upepo nao ni sauti.

Sasa mlinganishe na sehemu nyingine ya filamu hiyohiyo. Usiku unaingia. Radha, mkwe wa Thakur, mjane, sari nyeupe, anapita barazani kuzima taa moja baada ya nyingine. Chini, ngazini, Jai, mmoja wa vijana wawili waliokodiwa na Thakur kumkamata Gabbar, amekaa anapiga kinanda cha mdomo. Hawasemezani. Kinanda kile kilipigwa na Bhanu Gupta, na Burman ameacha kijisauti kile peke yake, chepesi, kinachoweza kukatika wakati wowote. Vipande viwili tu vifupi vya Radha na taa vilichukua siku 20 kupigwa kwa ajili ya shida ya mwanga. Siku ishirini! Walikuwa wanataka ule mwanga wa jua lililokwisha kuzama na giza halijashika, ambao kila siku unakaa dakika chache tu.

Angalieni na kamera. Yeye juu, yule chini, na katikati pana giza. Haikuwaweka kwenye fremu moja kwa ukaribu. Umbali ule ndio hadithi yao yote. Mwishoni Jai akishakufa na Radha akafunga dirisha, huhitaji mtu akueleze wamepoteza nini, kwa sababu kamera ilishakuonyesha nafasi ambayo hawakuwahi kuivuka.

Kamera Begani

Mkuu salamu kutoka Mombasa. Hapo kwa bembea umenigusa kweli. Mimi ni mpiga picha, na kila siku naona watu wakisifu muziki, kamera inasahaulika. Hebu gusia kamera yenyewe. Mimi wateja wangu wanataka droni na slomosheni kila mahali, hata kwa mazishi. Nikiwaambia kuna njia nyingine hawanielewi.

Mhariri wa Magomeni

Ndugu yangu, pole, hilo la droni kwenye mazishi limefika na huku.

Mambo ya msingi wengi wanayajua, sitakaa sana. Ukimpiga mtu kutoka chini anakua, ukimpiga kutoka juu anapungua. Kamera ya mkononi inayotikisika inamfanya mtazamaji ahisi yumo ndani ya purukushani, kamera ya kwenye stendi inampa nafasi ya kufikiri. Ukisogea usoni unaomba huruma, ukirudi nyuma unamwacha mtu peke yake na dunia. Ila kanuni hizi hazifanyi kazi kama dawa ya kumeza. Zinategemea mtazamaji anajua nini kwa wakati huo.

Nitatumia Jaws ya Steven Spielberg, 1975 pia, mwaka uleule wa Sholay. Papa mla watu kwenye kisiwa cha watalii, waliipigia Martha's Vineyard, Marekani. Walitengeneza papa wa mitambo, na mitambo ikawa inakufa baharini kila mara. Kwa hiyo ikabidi filamu iende mbali bila papa. Zaidi ya saa moja inapita hujamwona vizuri. Nani anashika nafasi yake? Kamera na muziki.

Kamera inakaa usawa wa maji. Maji yanagonga lenzi. Wewe mtazamaji unawekwa mahali pa muogeleaji, huoni kilichoko chini ya miguu yako. Na mara nyingine unashushwa chini kabisa, unatazama miguu ya watu kwa macho ya papa mwenyewe. Muziki wa John Williams unaanza kwa noti mbili tu, mi na fa, zinapokezana. Spielberg alipozisikia mara ya kwanza kwenye piano alicheka, alidhani ni utani. Noti hizo zinaanza polepole, zinakaza, kama moyo.

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Katika filamu ile, noti mbili ni ahadi. Zikilia, papa yupo. Watoto wawili wanapofanya mzaha na pezi la boksi, watu wanakimbia, maji yanachafuka, kelele tupu, lakini muziki haulii. Ukiwa makini utajua kwamba hakuna papa. Filamu imekuwa mkweli kwako kwa saa nzima. Kisha, mkuu wa polisi Brody amekaa nyuma ya boti anatupa chambo, analalamika, na papa anatoa kichwa nje ya maji. Hapajalia noti hata moja. Ahadi imevunjwa. Mtu aliyekuwa anaitegemea ile noti kama taa ya barabarani anaruka kwenye kiti, na kuanzia hapo hana mahali salama, hata penye kimya.

Na ile ya Brody ufukweni? Amekaa anatazama baharini, watu wanapita mbele ya kamera, na kila wakipita picha inakatwa na kusogea karibu na uso wake. Tunasogezwa bila kujijua. Halafu mtoto anashambuliwa, na uso wa Brody unabaki ukubwa uleule huku ufukwe nyuma yake ukivutika. Kamera inakwenda upande mmoja, lenzi inakuza au kupunguza kinyume chake. Ujanja huu Alfred Hitchcock aliutumia kwenye Vertigo mwaka 1958 kwa ajili ya kizunguzungu cha mtu anayeogopa kimo, na mpiga picha aliyeufanikisha ni Irmin Roberts. Spielberg kaugeuza. Brody hayuko juu ya ghorofa, yuko mchangani. Kinachomwangukia ni wajibu: alijua, akanyamaza, na mtoto kafa. Ujanja uleule, maana nyingine.

Kwa hiyo mteja akitaka slomosheni muulize: huyu mtu hapo anahisi muda umesimama? Kama jibu ni ndiyo, mpe. Jeneza likiteremshwa, kwa mtoto wa marehemu muda umesimama kweli. Lakini wale wanaopanga viti, kwao muda unakwenda kama kawaida.

Steringi Hafi

Nimesoma yote, uzi mzuri, ila nina ubishi. Mnatupa mifano ya watu wenye fedha na studio. Huku Bongo mtu ananunua muvi anataka kusikia kitu. Ukizima muziki dakika mbili anadhani spika imekufa. Tumelelewa kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, mtafsiri anaongea mwanzo mwisho, marehemu Lufufu alikuwa anafunika kila kitu kwa sauti yake na tulikuwa tunalipa kiingilio kwa ajili yake. Sisi ni watu wa sauti. Ngoma, vigelegele, kuimba hata msibani. Kimya si utamaduni wetu.

Mhariri wa Magomeni

Mkuu, ubishi wako nimeupokea kwa heshima, kwa sababu nusu yake ni kweli na inaniuma.

Lufufu kwangu ni mwalimu. Sauti ile ilikuwa inafanya kazi ya muziki na ya mhariri kwa pamoja: inakwambia huyu ni adui, huyu steringi, hapa kaa chonjo. Kibanda cha kwetu kilikuwa na mtafsiri mwingine, na nilikuwa nakaa chini mbele kabisa, kwenye mkeka. Ninachokumbuka ni kwamba adui akinyata nyuma ya steringi, yule bwana alikuwa anaishusha sauti mpaka mnong'ono, kisha anakata. Chumba kizima cha vijana hamsini kinakaa bila kupumua. Kisha mtu anapiga kelele "geuka nyuma!" Kimya tulikuwa nacho, na tulikilipia kiingilio.

Na ngoma pia. Mpigaji mzuri anajua kuacha. Ile nukta ambapo mikono inainuka haijashuka, mchezaji kainua bega, vumbi liko hewani. Ukiijaza ile nukta umeua ngoma. Msibani hali kadhalika: nyumba iliyojaa vilio, mara mtu mmoja anaingia mlangoni, ndugu wa mbali aliyesafiri usiku kucha, na wote wananyamaza kabla kilio hakijaanza upya. Nani alimfundisha mtu hilo? Limo ndani yetu.

Kilichotokea kwenye muvi zetu nyingi naona ni kitu kingine. Sauti iliyorekodiwa lokesheni ni mbovu, kuna upepo, jenereta, jogoo, pikipiki. Muziki unawekwa kufunika kasoro. Baadaye mazoea yakaonekana kuwa mtindo. Mimi mwenyewe niliwahi kuhariri filamu fupi ya jamaa mmoja, mke anamwambia mume kwamba mimba imetoka. Waigizaji walikuwa wazuri mno. Mume anasikia, haongei, anachukua sahani mezani anakwenda kuiosha, inasikika maji ya ndoo. Nikaacha hivyohivyo. Mwenye filamu akaniambia weka kinanda cha huzuni kuanzia mke anapofungua mdomo. Nikamsihi. Akasema watu hawataelewa. Nikaweka, filamu ni yake. Siku ya kuonyeshwa nilikaa nyuma. Kinanda kilipoanza, wanawake wawili mbele yangu wakaangaliana na mmoja akasema, "Atakuwa kafiwa." Maneno ya mke hayajatoka bado! Muziki uliiba habari mdomoni kwa mwigizaji. Alipokuja kusema, alikuwa anarudia jambo tunalolijua tayari.

Fundi Sauti

Naomba niongezee hapo kwa upande wa kazi. Wapendwa, mkimaliza kupiga sehemu yoyote, kabla hamjahama chumba, waambieni watu wote wasimame kimya na mrekodi nusu dakika ya chumba chenyewe. Kila chumba kina sauti yake: friji, bati linapopanuka kwa jua, mtaa kwa mbali. Ukikosa hiyo, ukizima muziki utapata shimo tupu, na hapo ndipo mtu anadhani spika imekufa. Kimya cha filamu kinatengenezwa kwa sauti. Steringi Hafi hajakosea, amesikia kimya kibovu.

La pili, sauti nzito za chini, zile unazozihisi kifuani kuliko masikioni, simu haziwezi kuzitoa. Watu wengi sasa wanatazama kwa simu. Ukijenga hofu yote kwenye besi, nusu ya watazamaji hawataipata. Bembea ya mzee wa Malindi itasikika hata kwenye simu ya bei nafuu.

Mhariri wa Magomeni

Fundi, hilo la nusu dakika ya chumba ningelijua mwaka wangu wa kwanza ningeokoa kazi nyingi.

Dada wa Kigamboni

Kaka, nina swali la kweli. Unavyoandika inaonekana kama muziki ni kosa na kimya ndiyo ufundi. Mbona Psycho bila zile fidla si kitu?

Mhariri wa Magomeni

Swali zuri dada, na nashukuru umelileta, maana kisa chenyewe kinanirekebisha.

Psycho ni ya 1960, Hitchcock huyohuyo. Ile sehemu ya bafuni, mwanamke anapochomwa kisu akioga, ilichukua siku saba kupigwa, kwa ajili ya kitu cha chini ya dakika moja cha kisu. Vipande vifupi vifupi, bomba la maji, mkono, pazia, jicho. Hitchcock alitaka isiwe na muziki kabisa. Maji na kisu tu. Bernard Herrmann, mtunzi, akaitungia muziki hata hivyo, akamsikilizisha. Hitchcock akakubali. Filamu nzima Herrmann ametumia ala za nyuzi peke yake, hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, na pale bafuni fidla zinapiga mayowe. Mtu mkubwa kama yule alikosea na akakubali kurekebishwa. Picha zenyewe zimekatwakatwa kiasi kwamba jicho halipati pa kushika, na fidla ndizo zinazofanya ule mkatiko uwe wa mwili mmoja. Pale kimya kingeonyesha mbinu, muziki umeonyesha maumivu.

Kwa hiyo sisemi zima. Nasema ujue kwa nini unawasha.

Dada wa Kigamboni

Nimekuelewa. Basi na mimi niweke mfano ambao umenikaa: Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, 2014. Mji umetekwa na watu wenye silaha, muziki umepigwa marufuku, mpira umepigwa marufuku. Vijana wanacheza mpira bila mpira. Wanakimbia, wanapiga chenga, kipa anaruka, na hakuna kitu miguuni. Sikuwahi kuona kitu kizuri na cha kuhuzunisha namna ile kwa pamoja.

Na pale mtoni. Mfugaji Kidane na mvuvi aliyemuulia ng'ombe wake wanashikana majini, bastola inalia. Halafu kamera inakwenda mbali sana. Mto mzima, jua linazama, mtu mmoja anayumba kuvuka maji kwenda ng'ambo moja, mwingine anajikongoja upande wa pili mpaka anaanguka. Wote wawili ni vidoa. Kwa nini alikwenda mbali? Mimi ningekwenda usoni.

Mhariri wa Magomeni

Nami ningekwenda usoni, na ningekosea.

Usoni ungemwona muuaji na aliyeuawa. Kule mbali unawaona wanaume wawili wa mto mmoja, na mto hauna upande. Mpiga picha ni Sofian El Fani, muziki ni wa Amine Bouhafa, wote Watunisia, na filamu hiyo ilizoa tuzo saba za César Ufaransa mwaka 2015, zikiwemo za muziki, sauti, picha na uhariri. Na kumbuka mwimbaji, amecheza Fatoumata Diawara. Anachapwa viboko kwa kosa la kuimba, na katikati ya viboko kilio chake kinageuka wimbo. Katika filamu ambayo muziki ni haramu, kila noti inayosikika ina gharama ya damu. Hapo muziki haupambi tukio. Muziki ndio tukio.

Hili la upande linanileta kwenye jambo ambalo linanitia hofu kidogo katika kazi hii. Muziki unaweza kukuambia nani ni mtu na nani si mtu. Gillo Pontecorvo alitengeneza The Battle of Algiers mwaka 1966, kuhusu Waalgeria kupigana na Wafaransa. Bomu linalipuka kwenye nyumba za Waalgeria usiku, maiti zinatolewa kwenye vifusi, unasikia muziki wa taratibu, wa kanisani. Baadaye mabomu ya Waalgeria yanaua Wafaransa kwenye mikahawa, maiti zinatolewa, na muziki ni uleule. Angeweza kuweka wa maombolezo kwa wetu na wa ushindi kwa wao. Filamu ina msimamo, haifichi nani anadai haki yake, lakini maiti zimepewa wimbo mmoja. Mimi huhariri matangazo ya siasa wakati wa uchaguzi, na tangu nilipoiona ile filamu kuna muziki nimekataa kuuweka chini ya sura za watu.

Kamera Begani

Hapo kwa wimbo mmoja nimenyamaza. Leo nina kazi ya arobaini huku Kisauni. Droni nimeiacha nyumbani.

Malindi Unguja

Mwanangu, Mungu akubariki. Nimemwita mjukuu nikamuonesha Sholay kwenye simu yake. Ilipofika bembea akaniuliza, "Babu, mbona unanishika mkono?"

Nna swali moja la mwisho. Yule mama wa bangili, mlipompelekea video alisemaje?

Mhariri wa Magomeni

Nilikwenda kuipeleka mwenyewe, mzee. Walikaa sebuleni, mama, mume wake, na yule shangazi wa kilemba. Ilipofika sehemu ile mama akauliza, "Wimbo wangu uko wapi?" Mume akamwambia ngoja kwanza. Bangili ikagota, ikapita. Mama akawa anajisugua kifundo cha mkono wake mwenyewe, hajui kama anafanya hivyo. Akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Akasema tena. Mara ya tatu shangazi akainuka, akaenda kufunga dirisha la upande wa barabarani ili magari yasisikike.